HISA ZA DAWA: Seli ya maabara si faida mfukoni

Hisa za kampuni za bioteknolojia huweza kupanda kwa habari moja tu ya maabara. Kabla ya kununua, mwekezaji mdogo ajiulize: kilichopatikana ni bidhaa au ni chombo cha kazi?

Mfano mzuri ni vipokezi vya chembe sahani, chembe za damu zinazoziba jeraha. Zikigandisha damu ndani ya mshipa wa moyo, mtu hupata shambulio la moyo. Dawa ya kuzuia vipokezi hivyo ina soko kubwa.

Shida ya watafiti ni malighafi. Chembe sahani hazina kiini, hazijigawi, na huishi siku 7 hadi 10 tu. Kwa hiyo jeni ya kipokezi hupandikizwa katika seli za ovari ya hamsta wa China, ambazo huongezeka mfululizo. Kipokezi cha IIb/IIIa kina sehemu 2. Jeni zote 2 zisipopandikizwa, hakijitokezi juu ya seli. Seli iliyokubali hupima dawa nyingi kwa haraka.

Hata hivyo, kipimo hicho si mauzo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vidonge vya kuzuia IIb/IIIa vilijaribiwa kwa zaidi ya wagonjwa 33,000. Kipokezi kilizuiwa, lakini vifo viliongezeka. Hakuna kidonge kilichofika sokoni.

Sindano zilifaulu. Centocor ya Marekani, ambayo hisa zake ziliporomoka mwaka 1992 baada ya dawa yake ya Centoxin kukosa kibali, ilipata kibali cha ReoPro Desemba 1994. Katika jaribio la wagonjwa 2,099, madhara ya moyo yalipungua kwa asilimia 35, ingawa visa vya kutoka damu viliongezeka maradufu. Mwaka 1999 Johnson & Johnson iliinunua kampuni hiyo kwa hisa za dola bilioni 4.9.

Nayo clopidogrel iliruhusiwa Marekani mwaka 1997, ilhali jeni ya kipokezi chake, P2Y12, ilitambuliwa mwaka 2001. Soko halikuisubiri maabara.

Kwa hiyo, ukisikia kampuni imepata seli mpya, usikimbilie kununua. Uliza majaribio ya wagonjwa yamefikia wapi, wangapi walitokwa damu, na fedha zilizobaki zitatosha hadi kibali kipatikane. Asiye na majibu hayo anacheza kamari.