Tangazo Bovu Humuumiza Muuzaji Mwaminifu

Wazee wetu walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huo ulikuwa na ukweli usiopingika katika zama ambazo mnunuzi na bidhaa walikutana ana kwa ana. Aliyetaka muhogo aliuvunja akautazama ndani. Aliyetaka samaki alimfunua mashavu akaona wekundu wake. Aliyetaka shamba la minazi alilizunguka kwa miguu yake, pamoja na mwenyewe na majirani wa mipaka yote minne. Lakini siku hizi mali nyingi huuzwa kwanza kwa maneno. Mnunuzi hukutana na karatasi iliyobandikwa ukutani, au ubao uliosimamishwa kando ya barabara, au ujumbe uliokwisha pita katika simu kumi kabla ya kufika kwake. Hapo kizuri hakijiuzi tena chenyewe. Huuzwa na maandishi yake. Na maandishi yakiwa mabovu, kizuri na kibaya hufanana.

Jambo hili si dogo kama linavyodhaniwa. Mtaani kwetu yuko mzee mmoja mvuvi, mtu wa sifa njema, ambaye aliamua kuuza mashua yake baada ya nguvu za bahari kumpungukia. Mashua ilikuwa madhubuti na injini yake ilikuwa imetunzwa. Mzee alimwomba kijana amwandikie tangazo, naye kijana akaliandika kwa pupa: “Inauzwa mashua na mashini yake zamana ipo bei maelewano.” Chini yake ikawekwa nambari ya simu yenye tarakimu tisa, ilhali nambari zetu za simu za mkononi zina tarakimu kumi.

Karatasi ile ilikaa ukutani wiki tatu. Waliosoma “zamana” wapo waliofahamu kuwa ni dhamana, wakajiuliza ni dhamana ya nani na kwa muda gani. Na wapo waliodhani kuwa ni “zamani”, wakaamini kuwa mashini imechakaa. Aliyetaka kuuliza hakuweza, kwa sababu simu haikuita. Mwisho akatokea dalali aliyemjua mzee kwa sura, akatoa bei ya kutupa, na mzee akakubali kwa kuwa hakuwa na mnunuzi mwingine. Haukupita mwezi, mashua ile ile ikatangazwa upya na dalali. Safari hii tangazo lilitaja urefu wa mashua, aina ya mbao, mwaka ambao injini ilinunuliwa, mahali ilipoegeshwa na saa za kuja kuitazama. Ikanunuliwa ndani ya siku chache, kwa bei iliyoipita mbali ile aliyopewa mzee. Nilipompa pole, mzee alinijibu kwa maneno machache: “Mwanangu, mashua ni ile ile.”

Naam, mashua ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maandishi. Faida yote iliyopatikana kati ya tangazo la kwanza na la pili haikutokana na jasho la dalali baharini, wala na msumari mmoja alioupigilia. Ilitokana na kalamu. Ndiyo maana tunasema kwamba uzembe katika matangazo ya mauzo ni kodi isiyoandikwa katika sheria yoyote, na wanaoilipa zaidi ni wanyonge wasio na mtu wa kuwaandikia.

Baadhi ya watu watauliza: kwa nini mnunuzi akimbie mali nzuri kwa sababu ya herufi moja? Jibu ni kwamba mnunuzi hana ushahidi mwingine. Hamjui muuzaji, hajaiona mali, na fedha anayotaka kuitoa pengine ni akiba ya miaka. Kitu pekee kilicho mbele yake ni yale maandishi. Akiona neno limekosewa hujiuliza: huyu asiyejali kusoma mara mbili alichokiandika, je, alijali kuitia gari yake mafuta ya injini kwa wakati? Alijali kupima mipaka ya kiwanja? Pengine hoja hiyo si ya haki, lakini ndiyo inayompitikia kila mwenye tahadhari. Na matapeli wamekuwa wengi kiasi kwamba tahadhari si dhambi.

Wafanyabiashara wa nchi nyingine wameligundua jambo hili kwa hasara. Mwaka 2011 mfanyabiashara wa Uingereza, Charles Duncombe, alilieleza shirika la utangazaji la BBC kwamba tovuti ya biashara yake ya soksi za kike ilikuwa na kosa la tahajia, na kwamba baada ya kosa hilo kusahihishwa mapato yake kwa kila mtu aliyeitembelea yaliongezeka maradufu. Hiyo ni habari ya duka moja tu, wala haiwezi kuwa kanuni ya masoko yote. Hata hivyo inaonyesha kwamba kwa muuzaji asiyeonekana sura, herufi ndiyo sura yake.

Sisi wa visiwa hivi tuna sababu ya pekee ya kuona haya. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo watu wa mbali na karibu wamejifunza kuandika kwa kuifuata. Lakini kujivunia lugha ni jambo moja, na kuitunza ni jambo jingine. Tembea mjini leo utasoma “zinauzwa thamani za ndani”, ilhali mwenye mali anauza samani, yaani vitanda, makabati na viti. Utasoma “gari aina tatizo”, pale ambapo herufi moja tu, ile ya h, ingeliweka neno sawa. Utasoma “balabala” kwa barabara na “feza” kwa fedha. Tena zipo simu ambazo hubadilisha maneno ya Kiswahili zenyewe na kuyageuza ya lugha nyingine, na mwandishi akatuma bila ya kutazama.

Hapa inafaa tuwe waadilifu. Hatusemi kwamba ndugu zetu wa Pemba, wa Makunduchi au wa Tumbatu wakiandika kama wanavyosema basi wamekosa heshima. Lahaja si kosa, bali ni hazina. Wala hatumcheki mtu ambaye hakupata bahati ya kukaa darasani. Tena tusidanganyike kwamba kila aandikaye vizuri ni mwaminifu, kwani tapeli hodari huandika kwa ufasaha mkubwa na kwa herufi za kupendeza. Tahajia safi haimfanyi mwongo kuwa mkweli. Lakini tahajia chafu humfanya mkweli afanane na mwongo, na hiyo ndiyo dhuluma tunayoizungumzia.

Tuliosoma chuoni tunakumbuka namna mwalimu alivyokuwa mkali juu ya nukta. Nukta moja chini ni be; mbili juu ni te; tatu juu ni the. Umbo ni lile lile, lakini aliyeweka nukta mahali pasipo pake amekwisha badili neno zima. Na tulifundishwa pia kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Mtu aliyelelewa katika mafunzo hayo hana udhuru wa kusema kwamba katika biashara maandishi ni mapambo tu.

Zaidi ya herufi, yako makosa ya vipimo, na haya huumiza zaidi kuliko yote. Chukua neno eka na neno hekta. Masikioni yanakaribiana, lakini ardhini yanatofautiana sana. Eka moja ni kiasi cha mita za mraba 4,047, na hekta moja ni mita za mraba 10,000. Anayetangaza hekta tatu ilhali ana eka tatu ameahidi ardhi inayokaribia mara mbili na nusu ya aliyonayo. Chukua pia tangazo linalosema “kiwanja 20 kwa 30” likanyamaza. Ikiwa ni mita, hicho ni kiwanja cha mita za mraba 600. Ikiwa ni futi, hakifiki hata mita za mraba 56. Neno moja lililoachwa limekula zaidi ya sehemu tisa katika kumi za kiwanja.

Na hapa kwetu neno “eka tatu” lina uzito wake wenyewe. Laweza kuwa kipimo cha ukubwa tu. Na laweza kumaanisha mashamba yale ambayo Serikali iliwagaia wananchi baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ambayo yana masharti yake. Tangazo linalosema “yanauzwa eka tatu” bila ya kufafanua linamwacha mnunuzi gizani juu ya jambo la kwanza analopaswa kulijua, nalo ni kama muuzaji ana haki ya kuuza. Mnunuzi mwenye busara ataondoka. Asiye na busara atalipa, kisha baraza la sheha na mahakama vitapata kazi ya miaka.

Sasa tuzigeukie ofisi zetu, kwa sababu mkubwa ndiye kioo cha mdogo. Yako matangazo ya minada na ya zabuni yanayotoka katika ofisi za umma yakiwa hayana tarehe ya mwisho, au yana kiasi cha fedha kilichoandikwa kwa tarakimu tofauti na maneno. Lakini lenye madhara zaidi ni suala la saa. Mtumishi huandika kwamba mnada utaanza “saa 10:00”, akikusudia saa nne ya asubuhi kama saa yake ya mezani inavyosema. Mwananchi wa shamba husoma saa kumi, akajua ni alasiri, akapanda gari baada ya sala ya adhuhuri. Anapofika vitu vimekwisha nunuliwa, na walionunua ni wale waliokuwa karibu na ofisi na waliojua maana ya saa ile. Hata kama hapakuwa na hila yoyote, mwananchi yule atarudi kwao akiamini kwamba hila ilikuwapo. Imani ya wananchi kwa Serikali yao haifai kupotezwa kwa sababu ya saa moja iliyoandikwa vibaya.

Tiba ya maradhi haya haihitaji bajeti kubwa wala wataalamu kutoka nje. Muuzaji anatakiwa ajibu maswali sita kabla ya kubandika karatasi yake: ni kitu gani hasa; kina ukubwa au umri gani, kwa kipimo gani; kina kasoro gani; bei yake ni shilingi ngapi, kwa tarakimu na kwa maneno; kipo wapi; na mwenyewe anapatikana vipi na saa ngapi, asubuhi au jioni. Kisha ampe mtu mwingine alisome kwa sauti, na aipige ile nambari ya simu kuhakikisha kwamba inaita. Kazi hiyo haichukui muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Kutaja kasoro kuna faida yake pia. Muuzaji anayeandika kwamba friji inafanya kazi lakini mlango wake umelegea hujipatia imani kuliko yule anayedai kwamba kila kitu ni kipya. Mnunuzi akiikuta kasoro ile ile aliyoambiwa, huamini na mengine yote. Akiikuta aliyofichwa, hata yale ya kweli hayaamini.

Masheha wetu, ambao wananchi huwaendea kila wanapokuwa na shida, wanaweza kuwaomba walimu na vijana waliomaliza skuli wawe wanawapitia wazee matangazo yao bila ya malipo. Mabaraza ya manispaa na ya miji, yanapotoa kibali cha ubao wa biashara, yaangalie maandishi kama yanavyoangalia vipimo vya ubao wenyewe. Wakuu wa ofisi wasitie saini tangazo ambalo hawakulisoma, na waandike saa kwa namna ambayo mkulima wa Micheweni na karani wa Mjini Unguja wataifahamu sawasawa. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitupatia Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Kitabu hicho kiwe juu ya meza za maofisa, kisiwe ndani ya kabati lililofungwa. Kila tarehe 7 Julai dunia huadhimisha Siku ya Kiswahili, na sisi huhutubia vizuri sana siku hiyo. Ingekuwa heri hotuba zetu zifuatwe na mbao za matangazo zilizosahihishwa.

Nasi wa magazeti tusijitoe katika lawama. Mwananchi anapoleta tangazo dirishani na kulipa fedha yake, haitoshi kumhesabia maneno. Anastahili kuambiwa kwamba bei haikutajwa, au kwamba nambari yake imepungua tarakimu moja.

Yule mzee mvuvi hakudanganya mtu, hakuficha kasoro, wala hakutaka zaidi ya haki yake. Hata hivyo alipata hasara, na aliyefaidika ni yule aliyejua kupanga maneno. Nchi iliyopigana ili mnyonge apate haki ya jasho lake haiwezi kukaa kimya ikaona jasho hilo linapotea kati ya dh na z. Kizuri kitajiuza tu pale ambapo mnunuzi ameweza kukifahamu. Na kazi ya kumfahamisha ni yetu sote, wenye kalamu na wenye dhamana.