Simu kuukuu na kurushiana faili: njia ipi iliyo salama?

Katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, nchini Marekani, ni nadra kwa familia zenye asili ya Afrika Mashariki kutupa simu ya zamani. Hupewa mtoto aichezee, husahauliwa kabatini, au hufungashwa katika begi la msafiri anayeelekea Nairobi, Mogadishu au Addis Ababa.

Jimbo la Minnesota ndilo lenye Wasomali wengi zaidi nchini Marekani, na humo wanaishi pia Waoromo na Wakenya. Kwa wengi wao, hasa waliofika kama wakimbizi, simu kuukuu ni sanduku la kumbukumbu.

Mna picha za wazee waliokwisha fariki, sauti za jamaa, na nakala za hati za uhamiaji ambazo huenda asili yake ilipotea njiani. Swali ni namna ya kuvihamisha vitu hivyo kutoka katika chombo ambacho mitandao imeanza kukikataa.

Milango inayofungwa

Mwaka 2022 kampuni za AT&T, T-Mobile na Verizon zilizima mitandao yao ya 3G nchini Marekani. Simu zilizotegemea mtandao huo pekee zilipoteza uwezo wa kupiga na kupokea.

Mwaka 2023 Google iliacha kuzihudumia simu na kompyuta kibao zenye mfumo wa Android 4.4. Mwaka 2025 ikawa zamu ya WhatsApp, iliyoacha kufanya kazi katika iPhone 5s, 6 na 6 Plus.

Hata hivyo, milango hiyo yote ni ya huduma za nje. Redio ndogo za Wi-Fi na Bluetooth zilizomo ndani ya simu bado ni nzima, na ndizo zinazotumiwa kurushiana faili.

Jinsi zinavyofanya kazi

Programu kama SHAREit na Xender zilipata umaarufu mkubwa Afrika na Asia kwa sababu hazihitaji kifurushi cha intaneti. Simu moja hufungua mtandao wake mdogo wa Wi-Fi, nyingine hujiunga nao, na faili hupita moja kwa moja baina yao.

Tofauti na Bluetooth ni kasi. Video ya megabaiti 500 inaweza kuchukua zaidi ya nusu saa kwa Bluetooth, ilhali kwa Wi-Fi huwa ni suala la dakika chache.

Simu za Android zina pia Quick Share, ambayo ilianza mwaka 2020 kwa jina la Nearby Share na kuhitaji Android 6 au zaidi. Zile za Apple zina AirDrop, iliyoingia katika iPhone mwaka 2013 kuanzia iPhone 5.

Kwa miaka mingi mifumo hiyo miwili haikuelewana. Novemba 2025 Google ilitangaza kuwa Quick Share imeanza kuwasiliana na AirDrop, lakini ilianzia kwa simu mpya za Pixel 10. Mwenye simu ya Android ya miaka kumi iliyopita hana la kutarajia hapo.

Hatari iko wapi?

Februari 2021 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilieleza kuwa SHAREit ya Android ilikuwa na kasoro zilizoweza kumruhusu mdukuzi kuiba taarifa za mtumiaji. Programu hiyo ilikuwa imekwisha pakuliwa zaidi ya mara bilioni moja. Baada ya siku chache wenye SHAREit walisema wamezirekebisha.

Lakini marekebisho huja na toleo jipya, na toleo jipya mara nyingi halikubali mfumo wa zamani. Hapo ndipo mwenye simu kuukuu anapoachwa nyuma. Hatari huzidi pale anapopokea programu kutoka simu ya rafiki, bila kujua nani aliyeichezea kabla yake.

Kwa hati na picha zisizo na nakala, njia za kale ndizo zinazoaminika zaidi. Simu nyingi za zamani za Android zina nafasi ya kadi ya kumbukumbu: nakili faili humo, kisha ichomoe. Njia nyingine ni waya na kompyuta.

Asiye na kompyuta anaweza kufika PCs for People, shirika lenye makao yake Saint Paul, ambalo hukarabati kompyuta zilizotumika na kuwauzia kwa bei nafuu watu wa kipato cha chini. Kompyuta za maktaba za umma zinafaa pia, mradi hati zisiachwe humo.

Kabla ya kuitoa simu

Baada ya kuhakikisha kwamba nakala zinafunguka katika chombo kipya, ondoa kwanza akaunti ya Google au ya Apple katika simu ya zamani, ndipo uifute yote.

Utaratibu huo una maana kubwa. Tangu iPhone za mwaka 2013 na Android za mwaka 2015, simu inaweza kufutwa bila akaunti kuondolewa. Ikiwashwa tena hudai neno la siri la mwenyewe wa awali, na jamaa aliyeipokea Nairobi hataweza kuitumia hadi amtafute ndugu yake aliyeko Minneapolis.