Uzio wa Jeshi Hauzuii Ukame

Kabla ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi kuanzishwa mwaka 1946, nyika ile ilikuwa hifadhi ya wanyama kwa jina tu. Ng'ombe walichungwa humo, taka zilitupwa humo, na ndege za kivita za Uingereza zilifanyia humo mazoezi ya kudondosha mabomu. Wanyama hawakuisha. Leo kutoka Tuala, upande wa Kajiado, mbuga hiyo iko ng'ambo tu ya mto Mbagathi.

Ajabu hiyo ina maelezo. Bomu huanguka siku moja, lakini shamba na ploti hukaa milele. Ardhi ya mazoezi ya jeshi hailimwi wala haigawanywi, na ndiyo maana mara nyingi hubaki na wanyama waliokwisha kwingine. Mfano ni Archers Post huko Samburu, ambako wanajeshi wa Kenya na wa Uingereza hufanya mazoezi katika nchi ya punda milia wa Grevy. Duniani kote wamebaki takriban 3,000, wengi wao Kenya.

Sasa hali ya hewa inabadilika, na uzio hauna la kufanya. Katika ukame wa 2022, kati ya Februari na Oktoba, serikali ilihesabu mizoga 49 ya punda milia hao. Kwa mnyama mwenye idadi ndogo hivyo, hilo ni pigo.

Hatari kama hii hupimwaje? Huduma ya Misitu ya Marekani ilitunga maswali 22, ikayatumia katika kambi ya Fort Huachuca, Arizona. Je, malisho na maji vitapungua? Mwili wa mnyama unavumilia joto kiasi gani? Mvua ikichelewa, atazaa wakati nyasi hazijaota? Anategemea kiumbe kingine? Na je, anaweza kuhama?

Kwenye ardhi ya jeshi mimi ningeongeza moto. Machi 2021, wakati wa mazoezi ya wanajeshi wa Uingereza, moto uliteketeza maelfu ya ekari Lolldaiga, Laikipia. Nyasi kavu za kiangazi ndizo akiba ya mnyama hadi mvua inyeshe. Zikiungua katika mwaka wa ukame, hakuna ghala jingine.

Lakini swali la kuhama ndilo zito kuliko yote, na jibu lake haliko kambini. Liko kwa jirani. Hapa Tuala na Kitengela tunaliona waziwazi: nyumbu wa nyika za Athi-Kapiti walikuwa zaidi ya 26,000 mwaka 1978, na kufikia 2011 hawakufika 3,000, kwa sababu ua, barabara na nyumba vimeziba njia zao. Tangu mwaka 2000 kuna mpango wa kuwalipa wenye ardhi wasiweke ua. Ulianza kwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka. Mzazi mwenye karo ya kulipa, akiletewa mnunuzi wa ploti, nani atamlaumu?

Kwa hiyo tathmini ya Archers Post ikiishia kwenye mpaka wa jeshi, itakuwa imepima nusu ya hatari. Nusu ya pili ni ardhi ya wafugaji wanaouzunguka mpaka huo: iko wazi kiasi gani, visima viko wapi, na wenyewe wanalipwa nini ili ibaki wazi mvua ikikosekana miaka miwili mfululizo.