Kulinganisha Bei za Vipuri vya Pikipiki Mtandaoni

Mwendesha bodaboda wa Masoko anayetafuta seti ya cheni mtandaoni huvutwa na bei ambayo aghalabu haijajumuisha usafirishaji. Tuseme muuzaji wa Dar es Salaam anataka shilingi 28,000, na duka la Tukuyu shilingi 35,000. Mzigo ukilipiwa shilingi 8,000 kwenye basi hadi Tukuyu, seti ya mtandaoni imekwishafika 36,000, kabla ya ada ya kutuma fedha. Nauli ya kutoka Masoko hadi Tukuyu iache kando, kwa kuwa utailipa vyovyote vile.

Bei hizo hulinganishwa tu iwapo kipuri ni kilekile. Cheni namba 420 na 428 zina umbali uleule wa milimita 12.7 kati ya pini na pini, lakini 428 ni pana zaidi, na picha ya tangazo haionyeshi tofauti hiyo. Namba inayofuata, kwa mfano 118, ni idadi ya pingili. Hesabu pia meno ya sproketi zako kabla ya kuagiza. Cheni isiyooana nazo huweza kuruka ukiwa na abiria kwenye mteremko wenye utelezi. Neno “ojino” pekee halithibitishi lolote.

Muulize muuzaji, kwa maandishi, ni nani atalipia kurudisha kipuri kisichofaa. Hifadhi majibu hayo, tangazo na risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani.