Kigali: mvua ikipungua, malori ya dizeli huongezeka

Mfanyabiashara wa Rwezamenyo, jijini Kigali, ana sababu mbili za kufuatilia taarifa za mvua kila mwezi: maji ya bomba na bei ya umeme.

Kigali hupata takribani milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, lakini hazinyeshi kwa usawa. Msimu mkubwa ni Machi hadi Mei, ambao Wanyarwanda huuita itumba, na kilele chake ni Aprili. Juni hadi Agosti ni kiangazi. Julai hupita karibu bila mvua. Mvua za pili huanza Septemba.

La kushangaza ni kuwa bomba huweza kukauka hata Aprili. Mtambo wa Kimisagara, jirani na Rwezamenyo, husafisha maji ya mto Yanze. Mvua kubwa zikishuka, vilima vilivyolimwa humwaga udongo mtoni, na maji yakishakuwa tope mtambo hupunguza kazi au husimama. Wakati wa kiangazi mto hupungua huku mahitaji yakipanda.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, ilitoka mbali na jiji. Mwaka 2004 kina cha ziwa Burera, kaskazini mwa Rwanda, kilishuka mno. Ziwa hilo huendesha mtambo wa umeme wa Ntaruka, na maji yake huteremka hadi ziwa Ruhondo na mtambo wa Mukungwa. Kulaumu mawingu peke yake si haki: ardhi oevu ya Rugezi, inayolisha Burera, ilikuwa imekaushwa kwa ajili ya kilimo, na maji ya ziwa yalitumika kupita kiasi.

Shirika la Electrogaz lilianza mgao wa umeme, kisha zikakodiwa jenereta za dizeli. Rwanda haina bandari ya baharini. Dizeli hiyo ilisafirishwa kwa malori kutoka Mombasa na Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,400, na gharama ikamfikia mteja: kufikia 2006 bei ya umeme ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu.

Kilimo kilizuiwa Rugezi, na mwaka 2005 eneo hilo likaingizwa katika orodha ya Ramsar. Maji yalirudi.

Leo kuna gesi ya ziwa Kivu na mtambo wa Rusumo wa megawati 80, unaomilikiwa pamoja na Burundi na Tanzania. Lakini Rusumo nayo hutegemea mto Akagera, unaopokea maji ya Nyabarongo. Mwenye kiwanda Kigali bado anahitaji kujua mvua ya Mei imenyesha kiasi gani, na si ya Kigali tu, bali ya Burera pia.