Kurudia Mtihani: Tuulize Mlango, Tusiulize Aibu

Kila yatangazwapo matokeo ya KCSE, swali moja huzuka katika maboma mengi ya vilima vya chai vya Kericho na Bomet. Je, mtoto aliyekosa alama ya kumwingiza chuo kikuu arudie kidato cha nne, au ashike njia nyingine? Mimi ni mwalimu katika sehemu hizi, na wazazi huniletea swali hilo mwaka baada ya mwaka, baadhi yao wakiwa wamekwisha kulijibu mioyoni na wanataka tu niwaunge mkono.

Majibu ninayoyasikia aghalabu ni mawili, na yote mawili yana kasoro. La kwanza ni la aibu: kwamba kijana akionekana tena amevaa sare ilhali wenzake wako Kabianga au Moi, ukoo mzima utachekwa. La pili ni la fahari: kwamba mtoto wa fulani hawezi kwenda chuo cha ufundi, sharti arudie hadi aipate C+, hata ikiwa mara tatu. Majibu hayo yanawatazama majirani. Hakuna hata moja linalomtazama mtoto mwenyewe.

Maoni yangu ni kwamba tuanze na swali hili: ni mlango gani hasa uliofungwa, na je, mtihani ndio ufunguo pekee wa mlango huo?

Tuchukue mifano. Msichana aliyepata C na ambaye nia yake ni uuguzi asipoteze mwaka kabla ya kuchunguza alama zake za Baiolojia na lugha, kwa maana diploma ya uuguzi huzitazama hizo, wala haidai C+. Mvulana apendaye ufundi anaweza kuanza katika taasisi kama ile ya Sot, huko Bomet, akapanda ngazi kwa ngazi. Lakini yule atakaye kufundisha shule ya upili yumo katika hali tofauti. Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, hudai C+ ya jumla na C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili atakayofundisha. Mwenye C+ ya jumla lakini aliyepata C katika Historia anayotaka kuifundisha anaweza kuhitimu shahada na bado akakwama. Kwa huyo kurudia kuna maana, ijapokuwa majirani wanaona amekwisha kufaulu.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalitilii maanani. Kuanzia matokeo ya mwaka 2023, Baraza la Mitihani lilibadili namna ya kukokotoa gredi ya jumla. Sasa huhesabiwa Hisabati, lugha moja, kisha masomo matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Hapo awali Kiingereza na Kiswahili vyote vilihesabiwa, pamoja na sayansi mbili. Hivyo basi, aliyefanya mtihani mwaka 2021 akazamishwa na Kemia, leo anarudia chini ya kanuni zinazomfaa zaidi. Aliyezamishwa na Hisabati hana nafuu hiyo. Kila kijana na akae na karatasi yake ya matokeo, apige hesabu upya kwa kanuni hizo kabla ya kulipa karo hata shilingi moja.

Karo yenyewe hapa petu hutoka katika majani chai. Bonasi huja mara moja kwa mwaka, na ile ya wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa mara nyingi huwa ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Mwaka wa kurudia ukilipiwa kwa bonasi hiyo, yuko mdogo wake nyumbani anayengoja zamu yake. Wala tusidanganyike na mazoea ya zamani, kwamba akikosa yote ataajiriwa kuchuma chai. Mashine zimetwaa kazi ya mikono mingi katika mashamba makubwa, na ghasia za Kericho za Mei 2023, ambapo mashine kadhaa ziliteketezwa, zilidhihirisha uchungu wa jambo hilo.

Nitaambiwa kwamba njia ya diploma ni ndefu. Ni kweli, miaka ya diploma kabla ya shahada ni mingi kuliko mwaka mmoja wa kurudia. Hata hivyo, mwaka huo una faida iwapo tu kuna kitakachobadilika. Aliyekuwa akirudishwa nyumbani kila muhula kwa kukosa karo, au aliyeugua mwaka wa mtihani, ana sababu ya kutarajia mema akipata utulivu. Aliyekuwa na vitabu, walimu na afya, akarudi kusoma kwa namna ile ile, atavuna alichokivuna kwanza. Aidha, anayeamua kurudia asikawie. Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027, na baada ya hapo shule zetu zitakuwa na mtalaa mwingine.

Kwetu sisi walimu nina neno moja. Mwanafunzi hodari anayerudia huinua wastani wa shule yetu, na kwa sababu hiyo ushauri wetu hauna budi kupimwa. Tusimrudishe mtoto darasani kwa ajili ya jina la shule, gharama ikimwangukia mzazi wake.

Nawe mwanafunzi, andika kozi unayoitaka, masharti yake, na alama ulizo nazo. Pengo likiwa ni la somo moja au mawili, na kilichokukwamisha kinaweza kuondolewa, rudia bila kuinamisha kichwa. Ikiwa hapana pengo, basi nenda chuoni, vivyo hivyo bila kuinamisha kichwa.