Simu ya Picha ni Mlango wa Nyumba: Tujue Anayeingia Kabla ya Kuchagua Programu

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Tunduma

Ilikuwa usiku wa Alhamisi, baada ya swala ya Isha, katika ofisi ndogo ya msikiti wetu hapa Tunduma. Binti mmoja wa jamaa zetu alikuwa ameketi na baba yake mzazi mbele ya kompyuta ya ofisi. Mumewe ni dereva wa lori, na usiku ule alikuwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Baba mdogo wa mume, aliyeteuliwa kusema kwa niaba ya upande wa mume, anaishi Maskati. Ndoa ile ilikuwa imefika ukingoni, na wazee wa pande mbili walikuwa wameafikiana wakae kwanza, kabla neno la talaka halijatamkwa. Kwa kuwa hawakuweza kukutana ana kwa ana, waliniomba niwakutanishe kwa simu ya picha.

Kikao kile kilivunjika hata dakika kumi hazijatimia, na aliyekivunja ni mimi. Nilikuwa nimetuma kiungo cha kikao katika kundi la WhatsApp la waumini, kama nifanyavyo siku zote tunapokuwa na darsa, nikidhani dereva atakipata kwa wepesi. Sikuweka neno la siri. Binti alipoanza kueleza yaliyomsibu, majina yakaanza kuongezeka pembeni mwa kioo: jirani mmoja, kisha wa pili, kisha mama mmoja akatoa salamu kwa sauti kubwa akidhani ni darsa. Binti alijifunika uso kwa mtandio wake akatoka. Baba yake akaniuliza kwa upole ulionichoma kuliko ukali: "Ustadhi, ni nani mwingine yumo humu?"

Sikuwa na jibu.

Naandika haya kwa idhini ya familia ile, kwa sababu yaliyonipata mimi yaweza kumpata yeyote. Mji wetu umekaa juu ya barabara kuu ya kwenda Zambia na Kongo, na reli ya TAZARA inapita hapa hapa. Ukivuka mstari tu kuingia Nakonde, saa hurudi nyuma kwa saa moja. Waume wako njiani, ndugu wako Lubumbashi, wengine wako Uarabuni. Nyumba nyingi za Songwe leo husimama kwa simu, na mashauri ambayo zamani yalifanyika ukumbini, mlango ukiwa umefungwa, sasa hufanyika mbele ya kioo.

Kompyuta yetu na mfumo wake

Kompyuta mbili za ofisi yetu tulipewa na muumini mmoja, nazo ni za zamani. Microsoft ilipotangaza kuwa matunzo ya kawaida ya Windows 10 yatakoma tarehe 14 Oktoba 2025, ilionekana kuwa hazikuwa na sifa za kupokea Windows 11. Njia zilikuwa tatu: kununua mpya, kutafuta nakala ya wizi, au kuhamia mfumo huria. Fedha ya ya kwanza haikuwepo. Ya pili kamati iliikataa bila mjadala mrefu, kwani mali ya mtu ni mali ya mtu hata ikiwa haishikiki kwa mkono. Kijana mmoja wa msikiti akatuwekea Linux Mint, nasi hatukulipa hata shilingi ya leseni.

Linux ni kazi aliyoianza Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991. Msimbo wake uko wazi: yeyote aweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Kwa Waswahili si jambo geni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa lugha yetu. Na Ubuntu, mfumo mashuhuri wa jamii ya Linux uliotoka mwaka huo huo, jina lake ni ndugu wa neno letu "utu".

Tatizo ni kwamba programu za simu za picha hazikutengenezwa zote kwa ajili ya Linux. Hapo ndipo mtu huuliza: "Ipi iliyo nzuri?" Nami baada ya usiku ule nimejifunza kuwa swali hilo si la kwanza. Surat An-Nur, katika aya ya 27, inatufundisha kutoingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kutoa salamu. Simu ya picha ni mlango wa nyumba. Swali la kwanza ni: nani anapaswa kuingia, na nani hapaswi?

Maswali manne ya kujiuliza

La kwanza: Je, kila anayehitajika atafika? WhatsApp iko karibu katika kila simu, lakini haijatoa programu rasmi ya Linux. Mwenye Linux hutumia ukurasa wake ndani ya kivinjari, na ukurasa huo kwa miaka mingi ulikuwa wa ujumbe tu, hauna simu. Tena wenye jamaa Uarabuni wanajua kuwa Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu zilizuia kwa miaka mingi simu za sauti na picha za WhatsApp. Basi kabla hujachagua, muulize aliye mbali zaidi: kwako hufunguka ipi? Yeye ndiye apimiwe, si wewe uliye karibu na kompyuta.

La pili: Je, inapatikana kwenye Linux kwa njia ya kuaminika? Zoom inatoa toleo la Linux katika tovuti yake. Signal nayo ina toleo la kompyuta kwa mifumo ya jamii ya Debian, ambayo Ubuntu na Mint zimo, ila ni lazima uanze kwa kuisajili simuni. Google Meet na Jitsi Meet hazihitaji kusakinishwa kwenye kompyuta: hufunguka ndani ya kivinjari, kama Firefox au Chromium, kwa sababu vivinjari vya leo vina uwezo wa kutuma sauti na picha vyenyewe. Uwezo huo ndio uliowatoa watumiaji wa Linux katika unyonge. Tahadhari moja: katika maduka ya programu ya Linux, baadhi ya programu hufungashwa na watu wa kujitolea, si kampuni yenyewe. Soma jina la mfungashaji kabla ya kubofya.

La tatu: Nani anashika ufunguo? Katika Signal, mazungumzo yamefungwa kwa mafumbo toka kifaa hadi kifaa, hata wenye mitambo ya kati hawawezi kuyasikiliza. Zoom iliongeza ufungaji wa namna hiyo Oktoba 2020, lakini haujiwashi wenyewe. Mwenye mkutano ndiye auwashe. Jitsi ilianzishwa mwaka 2003 na Emil Ivov alipokuwa mwanafunzi Strasbourg, Ufaransa, nayo ni programu huria. Taasisi yenye fundi yaweza kuiweka katika mtambo wake. Tangu mwaka 2023, anayefungua kikao katika mtambo wao wa bure sharti ajitambulishe kwa akaunti, lakini wageni huingia kwa jina tu. Lakini mafumbo yote haya hayamzuii mtu uliyempa kiungo kwa mkono wako mwenyewe. Mimi sikuibiwa siri, niliigawa.

La nne: Bando na muda vitatosha? Simu ya picha inayotumia megabiti moja kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Ya sauti tupu, yenye kilobiti 100 kwa sekunde, hula megabaiti 45 tu. Tofauti ni mara kumi. Dereva aliye njiani akizima kamera baada ya salamu, bando lake litafika mwisho wa shauri. Kuhusu muda, mikutano ya bure ya Zoom ina kikomo cha dakika 40, na ya Google Meet yenye watu watatu au zaidi ni dakika 60.

Naongeza neno juu ya Skype. Ilianza mwaka 2003, wazee wengi wakaizoea kwa ajili ya watoto walio ughaibuni. Microsoft iliinunua mwaka 2011 kwa dola za Marekani bilioni 8.5, na tarehe 5 Mei 2025 ikafungwa. Familia isiwe na mlango mmoja tu. Jueni programu mbili, na namba za simu ziandikwe pia kwenye daftari.

Kikao cha pili

Wiki mbili baadaye nilimwendea yule mzee nyumbani kwake. Baada ya shikamoo nikamwomba radhi, kisha nikamwomba anipe nafasi tena. Alinyamaza kitambo, akasema: "Safari hii uniambie kwanza mlango unafungwaje."

Moyo wangu ulitaka Jitsi, kwa kuwa ni huria kama mfumo wetu. Lakini baba mdogo wa Maskati alikuwa amekwisha izoea Zoom kazini kwake, na ndiyo aliyokuwa na hakika nayo. Basi tukachagua Zoom. Programu huria ni jambo jema, nasi vikao vya kamati tunavifanyia kwenye Jitsi hadi leo. Lakini haikuwa haki ndoa ya watu iwe uwanja wa kuonyesha mapenzi yangu ya programu.

Siku moja kabla, nilijaribu na kila mmoja peke yake. Kwenye kompyuta yetu niligundua kuwa mfumo ulikuwa unachukua kipaza sauti cha ndani, kilichokufa zamani, badala ya kile cha kuchomeka. Nikakibadilisha katika mipangilio ya sauti. Dereva aliisakinisha Zoom simuni akiwa gesti yenye mtandao. Tukaafikiana saa: tatu usiku Tunduma, saa mbili kwake, saa nne Maskati. Kiungo na neno la siri nilimtumia kila mtu kwa namba yake. Nikawasha chumba cha kusubiri, na walipotimia nikaufunga mkutano asiweze mwingine kuingia.

Kabla ya kuanza, mzee aliuliza tena swali lake: "Ustadhi, ni nani mwingine yumo humu?"

Nikamjibu: "Mzee wangu, ni nyinyi wawili mlioko hapa, mkweo, na baba yake mdogo. Mlango umefungwa. Na mimi sasa natoka nje." Nikakaa barazani. Dakika 40 zilipokwisha mkutano ulikatika, na binti akatoka kuniita niwafungulie wa pili. Alikuwa na machozi, lakini alikuwa ameketi wakati wote na amesema yake yote. Yaliyofuata ni yao, wala si ya gazeti.

Ndugu msomaji, ukitaka kuchagua programu ya simu ya picha, kwenye Linux au mfumo wowote, usianze na umaarufu wake. Anza na orodha ya majina ya watakaoingia. Muulize aliye mbali zaidi kinachofunguka kwake. Jaribu siku moja kabla. Tuma kiungo kwa mtu, si kwa kundi. Na kabla ya neno la kwanza kusemwa, uweze kumjibu mzee aliye kando yako ni nani waliomo. Maneno ya nyumba ni amana, na Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozitunza amana.